Namba ya Nyuma ya Kioo

9 Septemba

Kwa Fundi Miwani,

Shikamoo fundi.

Sasa hivi tu, kabla sijashika kalamu, mwanangu ameipapasa laptop mgongoni kama anayembembeleza mgonjwa, akaiambia "pole," halafu akalaza shavu juu yake. Ana mwaka mmoja na nusu. Neno hilo amelijua wiki hii, na naona amelisikia kwangu mara nyingi mno.

Hatujuani. Kondakta wa basi la asubuhi ndiye aliyenipa jina lako. Amesema oda kwa simu hupokei, unataka karatasi mkononi uibandike ukutani dukani. Basi karatasi ndiyo hii.

Laptop yangu imepasuka kioo. Ukiiwasha inaunguruma vizuri na sauti inatoka, ila katikati kuna doa jeusi kama wino uliomwagika, na pembeni mistari ya rangi. Mimi nafagia zahanati kuanzia alfajiri, nikirudi mchana ndio nasoma. Siku hiyo nilisinzia mezani, nilipoamka nikaikuta imefungwa na kijiko cha mtoto kiko ndani. Nilikuwa peke yangu chumbani na mtoto, na yeye hana nguvu ya kuifunga. Kwa hiyo nadhani ni mimi, kwa mkono wa usingizi.

Humo ndani mna masomo ishirini na manne. Wifi yangu ni mwalimu, alijirekodi mwenyewe akinifundisha, kisha akaniachia laptop yake alipohamishiwa shule ya mbali. Niliacha shule mapema. Tarehe tatu Novemba nafanya mtihani wa kumaliza, ule wa watu wazima. Msimamizi wa wauguzi ameniambia nikipata hicho cheti ataniingiza kwenye mafunzo ya uuguzi msaidizi. Nimefika somo la nane.

Nimekuandikia namba yote iliyoko tumboni mwa laptop, tazama nyuma ya karatasi hii. Nimeihakikisha mara tatu.

Mimi,
Mama Bonge

*

13 Septemba

Mama Bonge,

Marahaba. Namba umeinakili vizuri, lakini hainisaidii. Hiyo ni ya mashine. Mashine za namba moja hutoka kiwandani na vioo vya aina tatu, kama ndugu wa tumbo moja wasiofanana. Ninayoitaka iko mgongoni mwa kioo.

Fanya hivi. Toa betri kwanza, nasema kwanza. Ondoa vile vipande vidogo vya mpira kwenye fremu, chini yake kuna skrubu. Fremu ibandue kwa kitu chembamba cha plastiki, usitumie kisu. Kioo kilaze kifudifudi juu ya kitambaa. Utaona karatasi nyeupe yenye namba. Niandikie namba hiyo mpaka herufi ya mwisho, maana ya mwisho ndiyo inayoniambia soketi ni ya pini thelathini au arobaini.

Kama jirani ana televisheni bapa, unaweza kuiunganisha kwa waya wakati unasubiri.

Usijilaumu sana kwa kijiko. Wiki hii nimepokea wanne: kalamu, hereni, kijiko, na mmoja aliyesahau kipande cha sabuni.

Fundi Miwani

*

15 Septemba

Wifi yangu,

Lori la chakula cha shule linashuka kesho, nakuandikia huku nasimamia watoto tisini na viti hamsini. Nimechoka mpaka kope.

Barua yako ya wiki jana haikufika. Tulikubaliana: kila wiki barua moja, ndiyo mazoezi yako ya insha, nami nakurudishia na wino mwekundu. Usiniletee habari za kuchoka, kuchoka tunakujua sote.

Umefika wapi? Na lile somo la tisa, la asilimia, ulicheka nilipojimwagia chai?

Mama hajambo? Bado anakuimbia ule wimbo wake wa "samaki mkunje angali mbichi"?

Wifi yako,
Mwalimu

*

19 Septemba

Wifi mpendwa,

Sisi hatujambo, Bonge hajambo, anaongeza meno na maneno. Baba yake bado yuko safari na lori lao, anatarajiwa mwisho wa mwezi.

Masomo yanaendelea. La tisa nilicheka sana ulipojimwagia chai, mpaka Bonge naye akacheka bila kujua anacheka nini. Asilimia nimezielewa kiasi.

Kuhusu mama, wimbo umekwisha. Sijui nini kimempata. Zamani nikikaa tu na daftari alikuwa anasema, "Samaki mkunje angali mbichi, wewe umeshakauka, utavunjika." Siku hizi asubuhi naamka nakuta maji yamechemka na Bonge yuko mgongoni kwake. Nikisema mama acha nitafanya, anasema, "Kwani mimi sina mikono?" Namuogopa akiwa mkali, ila akiwa mpole namuogopa zaidi. Nadhani ananichunguza.

Nimeandika aya tatu kama ulivyonifundisha.

Wifi yako,
Mama Bonge

*

22 Septemba

Fundi,

Kioo ulichonitumia kwa namba niliyokuandikia kimefika salama, ulikifunga vizuri kuliko ninavyomfunga mtoto. Lakini hakikai.

Upana ni ule ule, urefu ni ule ule. Nikafurahi nikamwita mama mkwe aje aone. Nilipoleta ule waya bapa wa ndani ya laptop kuuchomeka, soketi ni pana kuliko kichwa cha waya. Nikajaribu tena nikidhani ni mimi. Mama mkwe akanishika mkono akasema, "Usiilazimishe. Kitu kisichokubali hakikubali." Nikakaa chini sakafuni kama mtu aliyefiwa.

Fundi, kuna jambo nilikuficha. Siku nilipotoa kioo nilikilaza kitandani juu ya shuka, nikaenda kuangalia sufuria. Niliporudi Bonge alikuwa ameshabandua pembe ya ile karatasi nyeupe, anaitafuna. Nilimtia kidole mdomoni nikatoa tope la karatasi. Namba tatu za mwisho zilikuwa ndani ya tope hilo. Nilikuwa nimezitupia jicho kabla, nikaona nazikumbuka, nikakuandikia za kichwani. Niliona aibu kukwambia mwanangu amekula namba.

Kioo nakurudishia kwa basi hili hili. Televisheni ya jirani ni ile ya mgongo mkubwa, haina tundu la ule waya wa kuunganisha.

Nifanye nini? Zimebaki wiki sita.

Mama Bonge

*

26 Septemba

Mama Bonge,

Kioo nimekipata, hakina mchubuko. Ahsante kwa kutokilazimisha. Wengine hulazimisha, kisha wanasema fundi mwizi.

Miaka kumi na tisa nafanya kazi hii. Nimeshaona namba zimefutika, zimelowa, zimepakwa rangi ya kucha. Za kuliwa ndiyo mara ya kwanza. Mtoto mpe maji, hazina madhara.

Lakini sasa sina namba, na kubahatisha sibahatishi. Kuna aina tatu zinazoanza hivyo, zinatofautiana soketi na masikio ya kufungia skrubu. Inabidi nikione hicho kilichovunjika kwa macho yangu, nikipime na vyangu. Usikitume kwa basi. Kioo kilichopasuka kikilaliwa na magunia kitafika unga. Kiletwe mkononi.

Najua ni saa tano za njia. Lakini sina jibu lingine, na kukudanganya sitaki.

Fundi Miwani

*

27 Septemba

Wifi,

Barua yako imefika. Insha nzuri, aya tatu kweli, makosa manne tu.

Kosa la tano ndilo kubwa. Somo la tisa halina chai. Sijawahi kujimwagia chai mbele ya kamera. Ndivyo ninavyowatega wanafunzi wangu wanaosema wamesoma kitabu, na sikufurahi kukutega wewe.

Sikukuachia ile laptop ili uniogope. Kama umeshindwa, sema umeshindwa. Kama hutaki tena, sema hutaki, nami nitakuwa wifi yako vile vile. Ila usiniandikie kicheko ambacho hukucheka.

Kimetokea nini?

Mwalimu

*

2 Oktoba

Wifi,

Nimesoma barua yako nimesimama stoo ya zahanati, ufagio kwapani. Nikaisoma tena. Kisha nikafagia korido ile ile mara mbili, mgonjwa mmoja akaniuliza kama nimepoteza pete.

Kioo kimevunjika. Mwezi mzima sasa. Nilisinzia, nikaamka imefungwa na kijiko cha Bonge ndani. Nadhani ni mimi niliyeifunga. Tangu siku hiyo sijaona somo hata moja. Kusikia nasikia, nikiiwasha sauti inaendelea, lakini nikizungusha kidole pale chini ya vitufe huwa sijui nimebonyeza nini, na wewe unasema "tazama hapa ubaoni" nami natazama giza.

Sikukwambia kwa sababu laptop ni kitu chako cha thamani, na uliniachia mimi niliyeishia darasa la saba, ukawaacha watu waliosoma. Nilitaka nitengeneze kwanza ndipo nikwambie, niwe nakupa habari iliyokwisha.

Fundi nimempata, ni mtu mkweli. Anataka kioo kile kibovu kifike kwake mkononi. Mimi ruhusa nimeomba nimenyimwa, wafagiaji tuko wawili na mwenzangu ni mjamzito. Baba Bonge kavuka mpaka wa pili na lori, harudi mpaka katikati ya mwezi ujao.

Sijashindwa, wifi. Na nataka. Nataka mpaka naota majibu. Nimechoka tu, na nimekudanganya, basi.

Mama Bonge

*

8 Oktoba

Wifi yangu,

Sikukasirika juu ya kioo. Kioo ni kioo.

Humu nimekuwekea kurasa kumi na mbili, somo la tisa mpaka la kumi na moja, nimeyaandika kwa mkono. Mwandiko unaharibika kadiri unavyokwenda, nilikuwa nasimamia bweni. Lori lijalo nitaleta mengine. Siwezi kuyamaliza yote kumi na sita kwa mkono kabla ya mtihani, nakwambia ukweli ili na wewe uniambie ukweli. Sehemu ya michoro na vipimo lazima uione. Kwa hiyo endelea kumfuata huyo fundi.

Swali moja. Umeandika "nadhani ni mimi niliyeifunga." Hiyo "nadhani" nimeipigia mstari mwekundu. Mwanamke anayehesabu vijiko vya dawa ya mtoto kwa makini yako hafungi mashine juu ya kijiko. Ni nani aliyeifunga? Kama ni kaka yangu, niambie nimshughulikie.

Mwalimu

*

14 Oktoba

Fundi,

Kile kioo kibovu kimepotea.

Nilikuwa nimekiviringisha kwenye shuka la mtoto, nikakiweka uvunguni. Leo nimeinama kukitazama, maana mtu wa zahanati anayeenda mjini wiki ijayo alikubali kukuletea. Uvungu mtupu. Shuka nalo halipo. Nimegeuza kitanda, nimegeuza kapu la nguo, nimemuuliza Bonge, akanionyesha dari.

Mama mkwe hayupo wa kumuuliza. Aliondoka jana asubuhi, amesema anaenda kumwona ndugu yake mgonjwa. Ndugu gani, hakusema. Nikamwambia mama, mbona umevaa viatu vya harusi kwenda kwa mgonjwa? Akasema, "Mgonjwa naye anapenda kuona watu nadhifu." Nimebaki na mtoto, naenda naye kazini, namfunga mgongoni nafagia.

Hata kama nimekipoteza, tafadhali usinifutie oda. Niambie kama kuna njia nyingine. Kurasa kumi na mbili za wifi nimezimaliza zote, na asilimia sasa nazijua kweli.

Mama Bonge

*

15 Oktoba

Mama Bonge,

Barua yako kama ipo njiani tutapishana. Nakuandikia kabla sijafungua kazi nyingine.

Mama mkwe wako alifika jana. Nilifika kufungua duka nikamkuta amekaa kwenye ngazi, kifurushi mapajani, amekikumbatia kama mtoto mwenye homa. Amelala kituoni, hakutaka kukutana na foleni. Nikamwambia karibu ndani, akasema, "Fundi, mimi namba sizijui. Nimekuletea mgonjwa mwenyewe."

Nikatoa vioo vyangu vyote vya ukubwa huo, kumi na moja. Nikaanza kusoma migongo. Yeye akavua kitambaa cha kichwa, akavipanga kimoja kimoja juu yake, akawa anavipapasa pembeni kwa kidole, masikio, kingo, unene. Amefumba macho, naapa. Akanirudishia vinane akisema, "Hawa si ndugu." Akabaki na vitatu. Kwenye vitatu hivyo pini thelathini ni kimoja. Nimekijaribu kwenye mashine yangu, kinawaka. Miaka kumi na tisa sijaona. Nikamuuliza amejifunza wapi, akasema amechagua maharage maisha yake yote.

Anarudi nacho leo kwa basi la mchana. Hataki kukiweka kwenye buti.

Sasa jambo la pili. Ufa wa kioo chako umeanzia chini katikati, nikamuuliza ilikuwaje, swali la kazi tu. Akakirudisha kitambaa kichwani. Kisha akasema: "Ni mimi. Nilimkuta mkwe wangu kalala kichwa mezani saa nane mchana, mkono bado umeshika kalamu. Nikamwonea huruma. Nikasema mtoto ataiangusha hii, ngoja niifunge. Kijiko sikukiona. Nikasikia ka! Nikatoka kama mwizi. Alipoamka akajilaumu yeye, na mimi mtu mzima nikamwacha ajilaumu."

Ameniomba nisikwambie. Mimi kwa kawaida siri ya mteja nafukia. Lakini uliniandikia mwezi Septemba kwamba ni wewe kwa mkono wa usingizi, na barua hiyo bado imebandikwa hapa ukutani, kila nikiinua macho naisoma. Nimeshindwa.

Fundi Miwani

*

21 Oktoba

Fundi,

Kimekaa. Waya umeingia bila kusukumwa. Mama mkwe alinishikia skrubu kiganjani, alizihesabu kwa kugusa, akawa ananipa moja moja kama mtu anayegawa dawa. Nilipowasha tukaona uso wa wifi, amesimama ubaoni, mdomo wazi, pale pale nilipomwacha. Mama akasogea karibu mpaka pumzi ikatia ukungu kwenye kioo. Akasema, "Mbona amekonda hivi? Hawampi chakula huko?" Nikamwambia mama, hii ni ya mwaka jana. Akasema, "Basi sasa hivi ameisha."

Siku hizi tunasoma wote. Wifi akiuliza kwenye laptop, mama anajibu kwa sauti kabla yangu. Kusoma hajui, lakini robo tatu ya kitu chochote anakupa palepale.

Ile habari ya pili nimeisoma nikiwa peke yangu. Barua huwa namsomea mama kwa sauti, ni mazoezi yangu. Hiyo nilimsomea mpaka kwenye maharage, nikaikunja. Akaniuliza, "Imeishia hapo?" Nikasema imeishia hapo mama. Akashusha pumzi, nikamwona mabega yanashuka.

Kwa hiyo hajui kuwa najua. Nakuomba na wewe, akipita tena dukani kwako, usimwambie kuwa umeniambia. Na ile barua yangu ya Septemba ibandue ukutani.

Ahsante, fundi. Mungu akulindie macho.

Mama Bonge

*

3 Novemba

Wifi mpendwa,

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi, nje ya chumba cha mtihani. Tumeambiwa tusubiri, wanahesabu makaratasi. Tuko watu wazima sitini, na kila mmoja anajifanya anatazama kucha zake. Jirani yangu ni fundi seremala mwenye mvi, ana penseli sikioni, nimemkumbusha kuwa wanataka kalamu. Akasema, "Dada, mimi bila hii sikioni sifikirii."

Nimemaliza masomo yote. La ishirini na nne nililimaliza jana mchana, Bonge kalala mapajani. La michoro nimelirudia mara nne. Sijui kama nitafaulu. Najua kwamba juzi nilimsomea mama kibandiko cha dawa yake ya shinikizo la damu, nikagundua amekuwa akimeza nusu ya anachotakiwa, nikamfanyia hesabu mwenyewe nikaenda kumuuliza msimamizi, akasema niko sawa. Nilitembea nyumbani miguu haigusi chini.

Hujajibiwa swali lako la mwezi jana. Ni nani aliyeifunga. Nimetoa ile "nadhani" kama ulivyotaka. Ni mimi. Nilikuwa nimechoka, sikutazama. Si kaka yako, si mtoto, si mtu mwingine. Ukiipigia mstari mwekundu tena nitakurudishia barua yako na wino wa kijani.

Mama tumekuja naye. Yuko pale nje ya geti na Bonge, wamekatazwa kuingia. Mlinzi amemwambia mara tatu arudi nyumbani, mtihani unachukua saa tatu. Amemjibu, "Baba, nimeshawahi kungoja zaidi ya hivyo." Amevaa vile viatu. Bonge anapunga mkono, lakini anampungia mlinzi. Mama haniangalii, anaangalia mlango wa chumba, kama yeye ndiye atakayeitwa.

Wifi, wewe umeondoka zamani, unamjua mama wa ukali na wimbo wa samaki. Mimi nilikuwa namjua huyo huyo. Lakini tangu Septemba kuna jambo nimeliona kwake ambalo nataka ulijue hata kama siwezi kulieleza lote, ni kwamba mama yako akikosea haombi msamaha kwa mdomo, yeye anachukua miguu yake na anakwenda mpaka

wameita namba yangu